Ndege Mgongoni mwa Bikira

Jumatatu, 28 Julai 2008

Asubuhi kavu, nyuzi ishirini na sita saa mbili, upepo hakuna. Mbayuwayu wanaruka juu sana, kwa hiyo hakuna mvua.

Wageni kumi na mmoja wameomba ufunguo. Karatasi ya mlangoni mwa kikanisa imepauka kwa jua, nikaandika nyingine: "Kumtazama Bikira: ufunguo uko kwa Ersilia, mlango wa kijani, gonga kwa nguvu." Kumi kati yao walikuwa kama wageni wote wa Montecerno. Wamepanda mnara, wamechungulia birika la maji lililo chini ya uwanja, wamecheka ukumbi wetu wa maonyesho wenye viti sitini tu, kisha wanafika kwangu wakiwa na njaa na haraka. Dakika tano mbele ya sanamu ya Bikira, picha moja, asante mama, aiskrimu inauzwa wapi.

Wa kumi na moja alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye lafudhi ya kaskazini, peke yake. Ana kitabu cha kuongoza watalii katika miji midogo, na kurasa nyingi amezipiga msalaba kwa penseli. Alikaa dakika ishirini na tano. Hakupiga picha. Aliuliza kama nyuma ya sanamu kuna nafasi ya mtu kupita. Nikamwambia hakuna. Ipo.

Kulala: saa nne na nusu.

Jumanne, 29 Julai

Joto. Wageni wanne, na yule mtu tena. Dakika arobaini.

Alhamisi, 31 Julai

Mawingu mepesi asubuhi, jua kali kuanzia saa nne.

Nimeuliza habari zake. Anaitwa Ivo Insam na amepanga chumba kwa wifi yangu Palmira, mjane wa kaka yangu Duilio. Nello wa baa anasema alipanda mnara akashuka ndani ya dakika sita. Mnara una ngazi mia moja na thelathini na huko juu unaona mabonde matatu. Nani anapanda mnara asitazame chochote? Birikani hakuingia, aliinama mdomoni mwake tu, akaandika neno moja kitabuni. Ukumbi ulikuwa umefungwa, akauliza tu, "Ni mdogo?" Nello akajibu mdogo, akaandika tena. Huyu hazuru mji. Anauhesabu.

Ninaandika sababu ya jambo hili kunihusu, nisije kuisahau nikiulizwa. Ufunguo huu umekaa nyumbani kwetu tangu bibi yake mama. Kikipotea kitu, hata kinara kimoja, halmashauri itauchukua, na Bikira atapelekwa kwenye makumbusho ya askofu akae nyuma ya kioo kama samaki. Ufunguo wa pili uko kwa Palmira, kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Mtu huyo anakunywa kahawa kila asubuhi hatua mbili kutoka kwenye msumari huo.

Jioni nilipokwenda kufunga nilikuta tone la nta mbele ya altare ya pembeni. Bado laini. Sikuwa nimewasha mshumaa.

Jumapili, 3 Agosti

Nyuzi thelathini na tatu. Baada ya misa Nello alinikumbusha kwamba wakati wa masika waliiba picha na vinara viwili katika mji wa ng'ambo ya mto, na aliyeiba alikuja kwanza mara tatu kama mtalii. Nikamuuliza kama alikuwa mrefu. Akasema, "Bi Ersilia, wezi huwa wa kila urefu."

Wageni kumi na tisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Ukungu bondeni hadi saa tatu.

Leo Bwana Insam aliuliza maswali na mimi nilijibu kama anayelipishwa kwa neno. Nani humvisha Bikira? Wanawake wa nyumba yetu. Lini? Tarehe 7 Septemba, siku moja kabla ya sikukuu yake. Wanaume wanaruhusiwa? Hawaruhusiwi, hata padri, hata mbwa wa Nello kwa kuwa ni dume. Akacheka vizuri, nikakasirika kwa kuwa ni kicheko cha mtu mwema. Je, amewahi kutengenezwa upya? Kamwe, nikasema. Ubao wa mlangoni unasema ana miaka karibu mia nne, na ni hiyo hiyo.

Kisha akasema, "Mikono imeiva kuliko uso."

Kila mgeni huliona hilo, nami huwa na jibu lile lile alilokuwa nalo mama: mikono imekuwa myeusi kwa sababu watu huibusu. Akaitikia kwa kichwa. Lakini aliendelea kutazama pale mkono unapoingia kwenye mkunjo wa nguo, kwenye kifundo, mahali ambapo mtu wa kawaida hatazami.

Jioni, tone jingine la nta. Altare ile ile.

Kulala: saa tano na robo.

Jumatatu, 11 Agosti

Radi kavu, mvua hamna. Wageni wanane. Yeye hakuja, na hilo pia silipendi.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi nzito, mawingu ya kijivu, nyuzi ishirini na nane. Nitaandika yote kwa utaratibu.

Saa tano na nusu alikuja peke yake. Nilimfungulia nikakaa kwenye benchi la mwisho na kitambaa changu cha kufuma. Alisimama muda mrefu, kisha akaja kukaa benchi la mbele yangu, akageuka. Alikuwa amevua kofia na anaizungusha mikononi. Akasema, "Mama, nina swali moja, halafu sitakusumbua tena. Mgongoni mwake, chini ya bega la kushoto, kuna ndege mdogo amechongwa? Anageuza kichwa kutazama mkia wake."

Kitambaa kiliniponyoka.

Ndege yupo. Ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Nilimwona mara ya kwanza mwaka 1966, nilipotimiza miaka ishirini na mama akaniruhusu kushika pindo. Nilimuuliza ni nini. Mama yangu, Zelinda, alisema ni alama ya zamani, na kinachoonwa humu hakitoki humu. Tangu mama afe mwaka 1989, watu wawili tu duniani wamewahi kuona mgongo ule: mimi na Palmira.

Nilimwambia, "Hakuna ndege yeyote."

Alinitazama kama anayesubiri niendelee. Nikarudia. Basi akatoa kile kitabu, akatafuta ukurasa wa Montecerno, akaupiga msalaba. Mkono wake ulikuwa mzito, penseli ilichana karatasi. Akasema asante, akatoka.

Sasa ninajua mambo mawili. La kwanza, mtu huyu amemvua Bikira nguo, au amemwona akiwa amevuliwa, maana hakuna njia nyingine. La pili, mlango haukuvunjwa, kwa hiyo aliingia kwa ufunguo, na wangu ulikuwa shingoni mwangu.

Nilifunga kikanisa, nikazunguka nyuma ya sanamu, nikapapasa pini za nguo moja moja. Zote kumi na nne zipo kama nilivyozichoma. Lakini mtu mjanja anaweza kuzirudisha.

Kulala: baada ya saa saba. Sikuwa ninaomba, nilikuwa ninahesabu.

Ijumaa, 15 Agosti

Jua tangu alfajiri. Wageni sabini na mmoja, idadi kubwa kuliko zote mwaka huu, na sikumbuki uso hata mmoja.

Saa nane walipokuwa wote mezani nilikwenda kwa Palmira. Alikuwa anakwaruza chungu. Mgeni wake hakuwepo. Nilitazama nyuma ya mlango: ufunguo uko msumarini, na umepakwa mafuta. Ufunguo usiotumika haupakwi mafuta.

"Ulimpa?" nikamuuliza.

"Nani, nini?"

"Usinizungushe, wifi. Huyo mpangaji wako anajua kilicho mgongoni."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Nilitegemea abishe, apige kelele, Palmira ana kelele za kugawa. Hakubisha. Akauliza taratibu, "Amesema nini hasa?" Nilipomweleza, alikaa kwenye kiti na mikono yake inachuruzika. Kisha akauliza nilimjibu nini. Nikasema nilikana.

"Umekana," akasema. Akacheka kidogo, lakini si kwa furaha. "Haya. Kamuulize mama yako kaburini kama ulifanya vizuri."

Kumtaja mama yangu namna hiyo, siku ya Bikira! Niliondoka bila kufunga mlango. Miaka arobaini na sita tangu aolewe na Duilio, na leo ndipo ninajua kwamba anaweza kuuza kilicho chetu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyuzi thelathini na moja.

Nimekwenda kituo cha polisi, kwa Afande Cossu. Ni Msardinia, mtu wa kisiwani, husikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba mgeni anajua jambo ambalo hawezi kulijua. Akauliza jambo gani. Nikasema siwezi kulitaja. Akauliza kama limeibwa. Nikasema halibebeki. Akaweka kalamu chini.

"Bi Ersilia, nimkamate mtu kwa kujua?"

Hata hivyo aliahidi kuangalia vitambulisho vyake. Nilipokuwa narudi niligundua nimenaswa: ili nimshitaki kwa siri, lazima niitoe siri.

Nimefunga uzi wa kufumia, mwembamba sana, kutoka kitasa cha mlango wa kikanisa hadi msumari wa karatasi. Nitaufunga upya kila wageni wakitoka, na kuutazama asubuhi na jioni.

Jumapili, 17 Agosti

Ameondoka. Afande alikagua karatasi zake jana jioni na zote ni safi. Leo alikuja mpaka mlango wangu wa kijani, akagonga polepole, si kwa nguvu kama karatasi inavyosema. Alisema samahani kwa usumbufu. Alisema huu ulikuwa mji wake wa ishirini na mbili, na mimi ni wa kwanza kumwitia polisi. Hakusema kwa ubaya. Sikumwalika ndani.

Uzi mzima.

Jumanne, 19 Agosti

Mvua, hatimaye. Uzi mzima.

Jumatano, 20 Agosti

Mvua. Uzi mzima. Palmira amepita uwanjani na mwavuli, hakunisalimu, nami sikumsalimu, na Nello alitutazama wote wawili kama mtu aliyelipia kiti.

Alhamisi, 21 Agosti

Anga imeoshwa, nyuzi ishirini na mbili.

Jioni uzi umekatika. Ndani, nta laini mbele ya altare ya pembeni.

Mgeni yuko mbali kilomita mia sita. Basi si yeye. Nimerudi kwenye kurasa za nyuma: tarehe 31 Julai, tarehe 7 Agosti, leo. Zote Alhamisi. Tarehe 14 sikutazama altare ile, nilikuwa natazama pini.

Kulala: saa sita.

Jumatano, 27 Agosti

Wageni watatu. Ninangoja kesho.

Alhamisi, 28 Agosti

Asubuhi safi, upepo wa kaskazini, harufu ya zabibu zinazoanza kuiva.

Saa saba mchana, mji mzima ukiwa mezani, niliingia kwa mlango wa sakristia. Palmira alikuwa amepiga magoti mbele ya altare ya pembeni na mshumaa mmoja. Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nilikuwa nimeyaandika kabisa kwenye kipande cha karatasi mfukoni.

Hakuruka aliponiona. Akasema, "Duilio alikufa Alhamisi." Basi. Kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja amekuja wakati mimi ninakula, kwa sababu alijua nitaandika.

"Nitaandika nini?"

"Palmira, dakika ishirini, mshumaa mmoja. Kama watalii wako."

Nilikaa benchini. Nikamuuliza kuhusu ndege. Alizima mshumaa kwanza, akakandamiza utambi kwa vidole viwili mpaka akahakikisha umezimika kabisa, ndipo akaanza, na wakati anaanza nilikuwa nimeshaelewa nusu kwa vile vidole.

Mwezi Februari mwaka 1963 mimi nilikuwa shule ya bweni kwa masista, darasa la mwisho. Theluji ilikuwa imefunga barabara. Mama aliwasha mshumaa karibu na shela ya Bikira, akaitwa nyumbani mara moja, akarudi baada ya nusu saa akakuta moto. Palmira, bi harusi wa mwaka mmoja, alikimbia na ndoo. Waliokoa mikono tu. Mikono miwili ya mbao. Mama aliikumbatia kifuani na masizi, na hakulia. Akasema watakuja kuuchukua ufunguo. Akasema watatuita nyumba iliyomchoma Bikira, na watoto wa watoto wetu wataitwa hivyo.

Padri wa wakati ule alipeleka barua kwenye bonde moja la kaskazini ambako kila nyumba ina mchongaji. Akaja mmoja wao, Vigil Insam. Watu waliambiwa kikanisa kimefungwa kwa ajili ya paa, na fundi huyo amekuja kutengeneza mapipa. Alichonga ndani ya ghala letu la mvinyo miezi mitatu, na aliyempelekea chakula ni Palmira. Aliapishwa asiseme kwa mtu yeyote. Asiandike jina lake. Akaweka ndege.

"Mwanawe alipovua kofia mlangoni kwangu," Palmira akasema, "niliona paji la uso la baba yake. Lakini na mimi niliapa. Nilidhani wewe utamjibu tu ndiyo, na mambo yataisha."

Alinieleza aliyoyasikia mezani. Mzee ana miaka themanini na tisa, macho yamekaribia kwisha na majina yanamtoka. Jina la mji limemtoka kabisa. Amebaki na mnara, birika refu, na ukumbi wa viti sitini, na Bikira mmoja, kazi yake bora, ambaye hakuwahi kumwona tena. Mwanawe amezunguka miji yote yenye mnara na birika tangu Mei. Mimi ndiye niliyemfanya aupige msalaba mji wenyewe.

Nilimuuliza jambo lililokuwa linaniuma kuliko yote. Kwa nini mama alimwamini yeye, mgeni wa mwaka mmoja, na mimi bintiye alininyamazia hadi kufa kwake?

Palmira alinitazama kwa huruma, na sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo. "Alitaka kukwambia. Mara nyingi. Alisema, lakini Ersilia huandika kila kitu."

Ijumaa, 29 Agosti

Sikulala jana, kwa hiyo hakuna saa ya kuandika. Palmira anayo anwani kwenye daftari lake la wapangaji. Niliandika barua tatu ndefu za kujieleza nikazichana. Niliyoituma ina mistari miwili: Ndege yupo. Tunamvisha tarehe 7, saa tisa alasiri, mlete.

Jumanne, 2 Septemba

Mvua nyepesi. Wageni sita. Mmoja aliuliza kwa nini mikono ni myeusi. Sikumpa tena lile jibu la mama.

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi ya ukungu, jua saa nne, nyuzi ishirini na nne.

Saa tisa kasorobo Padri Saverio alitoka nje kama desturi, akasimama ngazini na Nello na wanaume wengine, mbwa chini ya miguu yao. Mimi na Palmira tulikuwa tumeshaleta nguo ya hariri ya buluu. Ndipo gari likasimama. Ivo Insam alimshusha mzee mwembamba mwenye koti zito la baridi, akamshika mkono hadi mlangoni, na pale akasimama. Alikumbuka desturi. Hata salamu yake kwangu ilikuwa ya mtu anayeweza kufukuzwa tena.

Nilisema mzee aingie.

Wanaume wote ngazini waligeuka kunitazama. Padri akakohoa akasema kwa upole kwamba desturi hii ni yetu wenyewe, si ya Kanisa, lakini watu watauliza. Nello aliuliza hapo hapo: "Kwani huyu ni nani, Bi Ersilia, hata amwone Bikira bila nguo?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni daktari wa mbao. Uongo mzuri, ungepita. Palmira alikuwa amenishika kiwiko kutoka nyuma.

Nikasema, "Huyu alimwona kabla yetu sisi sote." Nikafunga mlango.

Tulichomoa pini moja moja. Nguo ya kila siku ilishuka, na Bikira akabaki kifua na mgongo wa mbao nyeupe, na chini mbao mbili za kusimamia. Mzee Vigil hakuona, tulimpeleka nyuma tukauweka mkono wake begani mwa Bikira. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Vilipita kwenye shingo, vikarudi, vikapita tena, kisha vikashuka chini ya bega la kushoto na kukaa.

Alikaa hivyo kwa muda ambao sikuupima.

"Shingo niliikata nene kidogo," akasema. "Nilikuwa na haraka, yule mama alikuwa akija kila asubuhi kutazama." Kisha akazunguka mbele akishika ukingo, akagusa mikono. Akaiachia mara moja. "Hii si yangu. Hii ni ya fundi mkubwa wa zamani." Akamgeukia Palmira kama anayemwona. "Wewe ulikuwa ukileta supu ya dengu."

"Kila siku dengu," Palmira akasema. "Hukulalamika."

"Nililalamika. Kwa kilugha chetu."

Palmira alicheka mpaka akajifuta macho na pindo la hariri, jambo lililokatazwa. Sikumkataza.

Mzee akauliza, "Watu humwomba?"

Nikamjibu kwamba humwomba.

"Naye huwapa?"

"Mara nyingine."

"Basi," akasema, "ni yule yule." Akaomba kiti, akakaa na mgongo wake umetugeukia kwa adabu, mpaka tukachoma pini ya mwisho.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikukuu. Asubuhi angavu kabisa, upepo kidogo ulioinua shela mara mbili kwenye maandamano. Wageni hamsini na watatu. Mzee alitazama kutoka dirishani kwa Palmira, yaani alisikiliza. Wameondoka saa kumi. Ivo alinionyesha ukurasa wa Montecerno: alikuwa ameufuta ule msalaba kwa kifutio, lakini penseli ilikuwa imeshachana karatasi, kwa hiyo alama haitatoka.

Mwanamke mmoja wa Milano aliniuliza Bikira ana miaka mingapi. Nikamwambia mikono ina karibu mia nne. Akaandika. Nello, aliyekuwa karibu, alinitazama sana. Hakuuliza, lakini atauliza, kabla ya majira ya baridi atauliza, na bado sijajua nitamjibu nini.

Jioni Palmira amekuja kula kwangu, dengu. Akaona daftari hili juu ya kabati, akaliashiria kwa kijiko. "Umeandika?"

"Yote."

Akaendelea kula. Kisha akasema mama yangu alinijua vizuri. Nikasema ndiyo. Nikamweleza nilichofikiri: kesho tunamvua nguo ya sikukuu. Chini ya sketi, kati ya mbao mbili za miguu, kuna nafasi ya vidole vinne kwa kiganja na nusu. Nimepima daftari. Linaingia. Atakayelikuta atakuwa mwanamke mwenye ufunguo, na atakuwa ameshaapa.

Palmira alifikiri, akalamba kijiko. "Na Alhamisi zangu zimo?"

"Zimo."

"Haya," akasema, "ongeza kwamba mshumaa nilikuwa nikiuzima kwa vidole."

Nimeongeza. Kesho nitanunua daftari jipya.

Kulala: saa tano kasoro dakika kumi.